Mbwa wa Bwana Mashaka na Fomu Namba Saba

Katika Jamhuri ya Shwari hofu ilifutwa siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mara tu baada ya chai. Mtulizaji Mkuu alitia saini, wapiga picha wakapiga picha, na ilipotimu saa nne na nusu hapakuwa na raia hata mmoja aliyeogopa kitu chochote. Ilikuwa kazi safi. Nchi nyingine hupoteza miaka nenda miaka rudi zikihangaika na vitu vinavyowatisha watu. Shwari iliona ni rahisi zaidi kuiondoa hofu yenyewe na kuviacha vile vitu viendelee na shughuli zao.

Miaka kumi na miwili baadaye Bi Sikudhani Mkomwa alikuwa Afisa Mtazamaji Daraja la Pili katika Idara ya Utazamaji wa Taifa. Kazi yake ilikuwa kutazama televisheni kabla taifa halijatazama, ili kama kuna jambo baya limwingie yeye peke yake. Alitazama taarifa za habari, alitazama mashindano ya kukariri hotuba, na kila Alhamisi alitazama katuni iliyokuwa irushwe Jumamosi.

Katuni yenyewe ilimhusu Bwana Mashaka, mtu mwembamba mwenye suruali iliyoishia juu ya vifundo na soksi zisizofanana. Mashaka akiona bahasha ya kaki alitetemeka hadi vifungo vya shati vikalegea. Akisikia gari linasimama nje, pumzi ilimkwama. Hapo ndipo mbwa wake, jina lake Yatakwisha, mwenye sikio moja lililolala, alipokuja polepole, akaweka kichwa kwenye goti la bwana wake na kutulia hapo mpaka pumzi ikarudi. Basi, hakuna kingine kilichotokea. Watoto wa Shwari waliipenda kupita kiasi, na wazazi wao nao kila Jumamosi saa kumi alasiri walijikuta wamesimama sebuleni, wakisema wanatafuta miwani.

Sikudhani hakuwa akitafuta miwani. Miaka kumi na mmoja nyuma, wanaume wawili waliovaa mashati yaliyopigwa pasi walifika nyumbani kwake asubuhi, mumewe Hemedi, mpima viwanja, akiwa anakunywa chai. Walisalimia vizuri sana. Walimwomba Sikudhani awaazime mumewe kwa dakika tano. Hemedi alikifunika kikombe kwa kisahani chai isipoe, akatoka nao.

Sikudhani alikwenda kuuliza katika ofisi tisa. Zote tisa zilimweleza kwa upole kwamba anayeuliza ana wasiwasi, na wasiwasi ni mdogo wake hofu, na hofu ilishafutwa, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Akaacha kuuliza. Pumzi ndiyo haikuacha kumkwama. Ilimkwama ofisini, ikamkwama sokoni, ikamkwama akikaanga vitunguu. Kitu pekee kilichoirudisha ni kile kichwa cha mbwa wa kuchorwa juu ya goti la kuchorwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mwenye cheo na mafaili yake, na jambo hilo lilimtia aibu sana, lakini ndivyo ilivyokuwa.

*

Balaa lilianzia kwenye kipindi cha arobaini na moja. Mashaka alikwenda Ofisi ya Msajili kufuatilia cheti, na mbwa akafuatana naye hadi dirisha namba tatu. Jumatatu idara ikapokea barua iliyosainiwa "Raia Mwema, Mstaafu". Raia Mwema alikumbusha kwamba Kanuni za Majengo ya Umma zinakataza mtu kuingia na mbwa, baiskeli au mahindi ya kuchemsha. "Ikiwa leo mbwa wa katuni ameruhusiwa," aliandika, "kesho tutamzuia vipi mwenye mahindi?"

Hakuna aliyeweza kulijibu swali hilo, na katika Shwari swali lisilojibika huundiwa faili. Sikudhani aliagizwa akitazame kipindi hicho mara saba, kisha ashauri kama mbwa afutwe katika kipindi kimoja au katika vyote.

Alipekua sheria siku tatu, chakula cha mchana akikila juu ya vitabu, mpaka akakuta kifungu kinachosema kwamba mtu asiyeona anaruhusiwa kuingia popote na mbwa anayemwongoza. Nusura apige kigelegele ofisini. Akaketi, akaandika ukurasa mmoja na nusu. "Yatakwisha si mbwa wa kufugwa tu," aliandika. "Ni mnyama msaidizi. Kazi yake ni kumtuliza mwenzake anaposhikwa na hofu. Kumwondoa ni sawa na kumnyang'anya kiwete mkongojo wake." Akasaini, akaenda nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa roho.

Neno hofu lilikuwa katika mstari wa tisa. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, simu yake ya mezani iliita.

*

Kamati Maalumu ilikuwa na wajumbe kumi na wanne chini ya uenyekiti wa Profesa-Kanali Lukwaro. Hakuna aliyejua ni profesa wa somo gani wala kanali wa vita vipi. Na kwa kuwa hofu ilishafutwa, hakuna aliyeogopa kumuuliza, hawakumuuliza tu. Mwisho wa meza alikalishwa Mzee Ngwali, mchoraji wa ile katuni, mzee aliyeanza maisha kwa kuchora vichwa vya watu kwenye mabango ya vinyozi, na ambaye sasa alikuwa akichora peke yake katika chumba cha nyuma cha kituo cha televisheni.

"Ndugu wajumbe," alianza Profesa-Kanali, akasimama ingawa alishakuwa amesimama, "taifa linakabiliwa na mbwa. Mbwa huyu ama ni mbwa, ama ni msaidizi. Akiwa mbwa, amevunja kanuni za majengo. Akiwa msaidizi, anamsaidia nani, na huyo anayesaidiwa anaumwa nini? Ripoti ya Bi Sikudhani inasema ana hofu. Hofu! Katika nchi ambayo hofu huipati hata ukiizungukia maduka yote ya dawa!"

Wajumbe wakapiga meza kwa viganja.

"Na jina lenyewe," alidakia mjumbe wa upande wa Maadili. "Yatakwisha. Naomba msanii aiambie kamati: yapi?"

Mzee Ngwali alijikuna kidevu. "Mheshimiwa, kwetu mtu akikorofishana na jirani humpa mbwa jina la kumjibu. Akimwita mbwa, jirani anasikia. Ni desturi tu."

"Huyu Mashaka amekorofishana na jirani gani?"

"Jirani bado sijamchora."

Ikaandikwa kwamba jirani hajachorwa, na kwamba achorwe upesi.

Baada ya siku mbili za mjadala kamati iliamua kwamba mbwa atasajiliwa kama kinavyosajiliwa kila kitu: barua ya balozi wa nyumba kumi, picha mbili ndogo zenye rangi ya bluu nyuma, na fomu mpya ya wanyama wasaidizi, Fomu Namba Saba. Hakuna aliyeona ajabu. Shwari hata maiti haichimbiwi kaburi bila barua ya balozi. Tatizo ni kwamba Mashaka aliishi katika mtaa wa kuchorwa, na mtaa ule haukuwa na balozi. Ikabidi aletwe balozi wa kweli, Balozi Chambuso, aketi achorwe. Balozi alitaka shingo isiyo na mikunjo, akataka na nyumba ya ghorofa, akapewa vyote viwili. Alipokwisha kuchorwa akakataa kusaini.

"Simjui," alisema. "Huyu Mashaka sijawahi kumwona kwenye mkutano wa mtaa hata siku moja."

Basi kwa Jumamosi tatu mfululizo taifa lilimtazama Mashaka akihudhuria mkutano wa mtaa, ajenda ikiwa mtaro. Watoto walilia. Wazazi waliokuwa wakitafuta miwani nao walikaribia kulia. Jumamosi ya nne balozi wa kuchorwa alisaini, akagonga muhuri, na Mzee Ngwali, fundi asiyekosea, akauchora ule muhuri usisomeke.

*

Ikabaki Fomu Namba Saba, na katika fomu nafasi moja tu ya kujaza: *Anachokiogopa*.

"Andika bata bukini," alisema Profesa-Kanali. "Ni hofu ya kistaarabu. Haimgusi mtu."

"Kipindi cha kumi na mbili Mashaka alifuga bata bukini sita, mheshimiwa. Watoto wanawajua kwa majina."

"Radi, basi."

"Kipindi cha thelathini radi ilipiga usiku kucha naye akakoroma."

"Mama mkwe!"

"Hajaoa."

Profesa-Kanali akapiga meza, safari hii kwa ngumi. "Sasa anaogopa nini?"

Mzee Ngwali aliitazama mikono yake iliyojaa wino. "Mheshimiwa unajua," alisema taratibu. "Kila anayetazama anajua. Ndiyo maana sikuwahi kukichora chenyewe."

Mjumbe mmoja aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Profesa-Kanali alivua miwani, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa tamu, na watu wa Shwari huijua sauti hiyo kuliko wanavyoujua wimbo wa taifa.

"Mzee wangu," alisema, "hebu tukae pembeni kidogo, sisi na wewe. Dakika tano tu."

Sikudhani alikuwa nyuma, akiandika kumbukumbu za kikao. Pumzi ikamkwama pale pale. Akatafuta kwa macho runinga iliyokuwa ukutani, lakini ilikuwa imezimwa. Alimwona Mzee Ngwali akianza kuinuka, akivikusanya vipande vyake vya penseli kama mtu atakayerudi kuvitumia. Hakumbuki aliamua saa ngapi. Anakumbuka tu kwamba alisikia kiti kikianguka, na kilikuwa kiti chake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti! Naomba kusahihisha ripoti yangu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mheshimiwa. Nilitazama vibaya. Mwenye hofu si Mashaka. Mwenye hofu ni mbwa."

Wajumbe wakageuka wote. Yule wa viatu akainua kichwa.

"Tazameni vizuri," alisema Sikudhani, na sauti ikimtetemeka akaiacha itetemeke. "Nani anamkimbilia mwenzake? Mbwa. Nani anaweka kichwa kwenye goti la mwenzake? Mbwa. Mashaka kazi yake ni kumshika kichwa tu. Anaonekana anatetemeka kwa sababu ameegemewa na anayetetemeka. Msaidizi ni Mashaka! Na amri ya Mtulizaji Mkuu inasema raia hana hofu. Mbwa si raia. Tena kanuni za majengo zinamkataza mtu kuingia na mbwa. Hazimkatazi mbwa kuingia na mtu."

Kisha furaha ikakiingia kile chumba, furaha ya watu kumi na wanne walioonyeshwa mlango wa kutokea. Walipiga meza mpaka bilauri zikaruka. Profesa-Kanali akatangaza kwamba kwa kauli moja imethibitika mbwa wana hofu, na kwamba serikali, kwa upendo wake kwa wanyama, itamsajili kila mbwa mwenye hofu nchini akiambatana na raia msaidizi. Fomu ichapishwe magazetini. Hata neno la dakika tano likasahaulika kwa shangwe.

Mzee Ngwali alimkuta Sikudhani kwenye korido, ameegemea ukuta.

"Mwanangu," alisema, "leo umenirudisha nyumbani kwangu."

"Kachore, mzee," alijibu Sikudhani. "Kachore tu, usiniambie kitu, nitalia hapa."

*

Siku ya kwanza walisajiliwa mbwa wanane. Wiki ya pili foleni ilizunguka jengo la Msajili, ikapita posta, ikakunja kona ya benki. Ikadhihirika kwamba mbwa wa Shwari walikuwa waoga kuliko mbwa wote duniani. "Mbwa wangu anaogopa simu zisizoonyesha namba," aliandika mmoja. Mwingine akaandika kwamba mbwa wake ni mwalimu wa sekondari na anaogopa mwanafunzi wa dawati la mbele anayeandika hata utani. Kulikuwa na bibi aliyejaza mbele na nyuma, akaomba karatasi ya ziada. Karani wa dirisha namba tatu alipokea zote na kugonga muhuri, kwa sababu fomu haikuwa na sehemu ya kukataa.

Mbwa wakaadimika. Watu wakaanza kuazimana. Mbwa mmoja wa rangi ya manjano, mkazi wa jalala la soko kuu, alisajiliwa mara kumi na tisa na hofu kumi na tisa tofauti, na ilipofika Ijumaa alikuwa akitembea ameinamisha kichwa. Profesa-Kanali mwenyewe alionekana kwenye foleni amekumbatia kijibwa kinene. Alisema amekuja kukagua zoezi. Zamu yake ilipofika aliikinga fomu kwa mkono wakati akiijaza.

Sikudhani alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Mtaani kwao mbwa hakuingizwa ndani, na alipotokea na mmoja wa kahawia, mbavu zinahesabika, aliyemtoa nyuma ya machinjio, jirani yake Bi Kirembwe alishika kiuno.

"Sikudhani! Mbwa? Na sala zako je?"

"Atakaa barazani, dada. Sitamgusa akiwa amelowa."

"Wa nini lakini?"

"Kuna kitu anataka kuuliza."

Bi Kirembwe aliingia ndani, akarudi na kipande cha kanga kuukuu cha kumfungia.

Mbwa alimpa jina la Mwenzangu, maana ilibidi ajaze jina. Pale dirishani alishika kalamu kwa muda mrefu, watu nyuma yake wakiguna. Kisha akaandika: "Mbwa anaogopa kwamba Hemedi Mkomwa, mpima viwanja, aliyechukuliwa asubuhi akinywa chai, hatarudi. Anaomba kujua." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja kuliandika jina hilo mahali. Mkono ulimuuma kama aliyefua siku nzima.

Karani alisoma. Akamtazama mama, akamtazama mbwa. Akagonga muhuri.

"Majibu ndani ya siku kumi na nne," alisema.

Hilo ndilo hakuna mjumbe hata mmoja kati ya kumi na wanne aliyelifikiria. Kanuni ya zamani, ya enzi ambayo serikali ilikuwa bado na haya, ilisema kila fomu iliyogongwa muhuri lazima ijibiwe. Haikuwa imeleta shida kwa sababu raia hakuwa na fomu ya kuuliza kitu. Mbwa sasa walikuwa nayo, na makarani wa Shwari, watu watiifu, wakafungua makabati ya chini waliyoambiwa yasifunguliwe kwa ajili ya raia yeyote, wakaanza kuwajibu mbwa.

*

Siku ya kumi na tatu ilikuja barua. Juu ya bahasha iliandikwa: Kwa Ndugu Mwenzangu (Mbwa), kwa mkono wa Msaidizi wake, Bi S. Mkomwa.

Sikudhani aliketi kwenye ngazi ya baraza, akamsomea Mwenzangu barua yake, kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa ya mbwa na mbwa hajui kusoma.

"Yah: Hofu yako. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumepitia kumbukumbu. Mtajwa alifariki siku ya nne. Mbwa anashauriwa asiendelee kumsubiri. Tunamshukuru mbwa kwa ushirikiano wake na tunamtakia ujenzi mwema wa taifa."

Akarudia ule mstari wa katikati. Siku ya nne. Yeye alikuwa amesubiri siku elfu nne na zaidi. Alikuwa amekaa mezani, amekwenda ofisi tisa, amekosa pumzi juu ya vitunguu, kwa ajili ya mtu ambaye makarani walijua tangu siku ya nne kwamba hayupo, na ikabidi aulize mbwa ndipo wamjibu. Alilia mpaka kanga ikalowa. Bi Kirembwe alisikia, akaja, akaketi ngazi ya chini yake mpaka jua likahama.

Chini ya barua kulikuwa na kipande cha kukata na kurudisha. Mbwa athibitishe kupokea kwa kuweka unyayo hapa. Msaidizi ajaze: je, mbwa bado ana hofu?

Kesho yake asubuhi Sikudhani alimchovya Mwenzangu mguu kwenye wino, akaubonyeza kwenye karatasi. Kisha, kwa mwandiko wake wa kiofisi, mnyoofu, akajaza: "Hapana. Sasa mbwa ana hasira." Akakipeleka kipande dirisha namba tatu.

Karani alikisoma mara mbili. Akavuta kitabu kikubwa cha amri, akakifunua ukurasa kwa ukurasa kwa kidole, kuanzia ile ya Jumanne saa nne na robo hadi ya juzi. Hakuona popote palipoandikwa kwamba hasira imefutwa. Nyuma ya Sikudhani watu walikuwa wamesimama, kila mmoja na mbwa wake, kila mmoja ameshika kipande cha karatasi chenye unyayo.

Karani akagonga muhuri.

"Anayefuata," akaita.